Swichi Ilikuwepo Kabla ya Ufunguo

Bila shaka umewahi kuiona Land Rover ya zamani, zile 109 ambazo mlango wake wa nyuma hufungwa kwa kamba ya katani. Dereva wake hatoi ufunguo mfukoni. Anapandisha kijiti kidogo cha chuma kwenye dashibodi, taa nyekundu inawaka, anabonyeza kitufe, na gari zima linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Watu wa mjini hucheka. "Gari imechoka hii, hata ufunguo haina!"

Kicheko hicho ni cha mtu asiyejua historia. Anadhani ufunguo ndio asili na swichi ni ubabaishaji wa mafundi wa chini ya mwembe. Kumbe mambo ni kinyume. Swichi na kitufe vilianza, ufunguo ukaja baadaye, na haukuja kwa ajili ya kuwasha gari. Ulikuja kwa ajili ya kumzuia mtu asiliwashe. Tofauti hiyo ni kubwa, nami naomba tuifuatilie pole pole.

Enzi za hendeli

Injini ya petroli inahitaji mambo mawili ili iwake. La kwanza ni cheche kwenye plagi. La pili ni mtu au kitu cha kuizungusha mizunguko ya mwanzo, kwa sababu injini iliyolala haiwezi kujiamsha yenyewe. Yashike vizuri mambo hayo mawili, maana historia yote hii ni ya kuyatenganisha na kuyaunganisha.

Zamani kazi ya kuzungusha ilifanywa kwa mkono. Dereva alisimama mbele ya gari, akachomeka hendeli, akazungusha. Cheche ikiwahi kupita kiasi, injini ilirudi nyuma kwa nguvu na hendeli ikampiga. Mikono ilivunjika, na vidole gumba, na taya. Kuendesha gari kulihitaji misuli kwanza, akili baadaye.

Na cheche je? Mwaka 1902 kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilitoa magneto ya nguvu kubwa, kazi ya mhandisi wake Gottlob Honold. Magneto hujizalishia umeme wenyewe inapozungushwa, wala haihitaji betri. Sasa tazama ajabu hii: gari la magneto halihitaji swichi ya kuliwasha, linahitaji swichi ya kulizima. Ukiigeuza swichi, umeme unapelekwa kwenye bodi ya gari badala ya plagi, cheche inakufa, injini inanyamaza. Hivyo swichi kwenye magari hayo kazi yake ilikuwa kusema "basi, inatosha".

Swichi yenyewe ilikuwa tayari na umri. Mwaka 1884, John Henry Holmes wa Newcastle, Uingereza, alibuni swichi inayoachia kwa ghafla. Kabla yake, mtu aliyetenganisha waya mbili taratibu aliona cheche ikirukia katikati na kuunguza ncha. Holmes alifanya utengano uwe wa mara moja, cheche isipate muda wa kula chuma. Ule mlio wa "tak!" unaousikia ukizima taa nyumbani ni ukoo wa kazi ya Holmes, na kile kijiti cha kwenye Land Rover ni mjukuu wake.

Mtu wa mashine za kuhesabia pesa

Hendeli ilipata mpinzani mwaka 1912. Charles Kettering wa Dayton, Ohio, Marekani, alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya mashine za kuhesabia pesa za madukani. Huko alitengeneza mota ndogo ya umeme ya kufungua droo. Alijua jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani, kwamba mota ndogo inaweza kubeba mzigo mkubwa mno kama itaubeba kwa sekunde chache tu. Mota ya droo haifanyi kazi mchana kutwa. Inashtuka, inapumzika.

Kettering akaipeleka fikra hiyo kwenye gari. Mota, betri, kitufe. Cadillac za mwaka 1912 zikatoka na stata ya umeme, na baada ya hapo asiye na misuli naye akaweza kuwasha gari. Mtu huyohuyo ndiye aliyeipa dunia mfumo wa cheche wa betri, koili, pointi na kondensa, ambao magari mengi yaliutumia hadi elektroniki ilipoanza kuupokonya kazi miaka ya 1970.

Basi hesabu ilikuwa hivi: swichi moja ya kuruhusu cheche, kitufe kingine cha kuita stata. Mambo mawili, vidole viwili. Kwenye magari mengi ufunguo, kama ulikuwepo, ulifungua cheche tu.

Gari la vita na gari la shamba

Vita Kuu ya Pili ilithibitisha ubora wa mpango huo. Kati ya mwaka 1941 na 1945 Marekani ilitengeneza zaidi ya jeep 600,000, za Willys na za Ford. Za mwanzo zilikuwa na ufunguo. Halafu ukaondolewa, ukawekwa mkono mdogo wa kugeuza, na stata ikapigwa kwa mguu sakafuni. Sababu iko wazi. Dereva akipigwa risasi, mwenzake atapekua mifuko ya maiti kutafuta ufunguo? Vitani gari ni la yeyote aliye karibu nalo.

Vijana wa kwetu nao walishika usukani katika vita hiyo. Jeshi la Afrika Mashariki lilikuwa na kikosi chake cha uchukuzi, na madereva wa Kiafrika waliendesha malori ya jeshi Ethiopia mwaka 1941 na baadaye Burma. Tunawakumbuka babu zetu kama wabeba bunduki. Wapo waliorudi wakijua koili ni nini.

Vita ilipokwisha, jeep zilizobaki ziliuzwa. Moja ilifika shambani kwa Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, katika kisiwa cha Anglesey huko Wales. Mwaka 1947 akapata wazo la kutengeneza gari la namna hiyo la Kiingereza, na gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya jeep. Chuma kilikuwa adimu, hivyo bodi ikawa ya alumini. Tarehe 30 Aprili 1948, Land Rover ikaonyeshwa kwa watu mjini Amsterdam. Ile ya Series I ilikuwa na ufunguo wa kufungulia umeme, kitufe cha stata peke yake, na tundu la hendeli mbele kwa siku ambayo betri ingegoma. Gari moja lilibeba enzi zote tatu.

Ndoa ya mambo mawili

Mwaka 1949 Chrysler ya Marekani ikayaoza yale mambo mawili. Ufunguo ukigeuzwa kidogo unaleta cheche, ukigeuzwa zaidi unapiga stata. Kazi mbili katika tundu moja. Halafu mwaka 1970 kanuni za Marekani zikataka magari mapya yawe na kufuli inayozuia usukani au mwendo ufunguo ukitolewa. Mwaka 1998 nchi za Ulaya zikalazimisha kifaa cha elektroniki kinachokataa ufunguo usiotambuliwa. Kila hatua ilikuwa vita dhidi ya mwizi. Hakuna hata moja iliyofanya injini iwake vizuri zaidi.

Katika barabara zetu kile kitasa kikawa ndio udhaifu. Vumbi liliingia, ufunguo ukalika, ukapotea. Miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, na vipuri vilikuwa hadithi. Fundi hakuwa na kitasa, lakini swichi alikuwa nayo. Akaivunja ile ndoa, akarudi kwa Kettering bila kujua jina lake.

Hivi ndivyo anavyofanya. Kwanza anatoa waya wa betri. Kisha anasoma rangi, maana waya za Kiingereza zina lugha yake: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni moto unaopita swichi kwenda koili, nyeupe yenye mstari mwekundu huita stata, nyeusi ni ya bodi. Anachukua kahawia, anaipitisha kwenye fyuzi, anaifunga upande mmoja wa swichi. Upande wa pili anafunga nyeupe. Kahawia nyingine anaipeleka kwenye kitufe, na kutoka kwenye kitufe inatoka ile ya mstari mwekundu mpaka solenoidi. Stata inakula ampea mia na zaidi, wakati koili inakula tatu au nne, kwa hiyo swichi ndogo haibebi mzigo wa stata. Inatuma salamu tu, solenoidi ndiyo inayobeba.

Fundi mzuri anajua na mitego. Land Rover nyingi za hadi miaka ya 1960 zilifungwa chanya kwenye bodi, usizikurupukie. Swichi ikiachwa juu injini imezimika, koili inaweza kuungua na betri kuisha, ndiyo maana ile taa nyekundu haitolewi. Gari lenye kufuli ya usukani lazima litolewe pini yote, vinginevyo usukani unaweza kujifunga kwenye kona. Na dizeli haina cheche, kwa hiyo swichi haiizimi. Ya zamani huzimwa kwa kuvuta waya unaokata mafuta. Fundi mjanja huificha swichi chini ya kiti, hapo mwizi atahangaika hadi kuche.

Nani ataandika?

Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, msururu wa magari ukajaza barabara. Magari yalipigwa picha, wakubwa wakahutubia. Lakini historia ya mikono iliyoyaweka hai magari hayo miaka 40 au 50 iko wapi? Majina ya Bosch, Kettering na Wilks nimeyapata vitabuni. Jina la fundi wa kwanza kufunga swichi kwenye 109 iliyopoteza ufunguo sikulikuta popote, kwa sababu hakuna aliyekaa chini kuliandika. Maarifa yake yako kwenye vidole vya wazee, na wazee wanaondoka.

Magari mapya leo yanawashwa kwa kubonyeza kitufe, na mjini watu wanayasifu kwamba ni ya kisasa. Kitufe cha mwaka 1912 kimerudi na suti mpya. Wenye gari hizo hawachekwi.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika riwaya, mnaniambia hakuna cha kuandika mtaani kwenu. Nendeni gereji. Kaeni kwenye tairi bovu, muulize kila kitu kinaitwaje, na nani alimfundisha fundi, na huyo naye alifundishwa na nani. Mtafika Burma kabla chai haijapoa. Chukueni daftari, na chukueni kalamu mbili, maana moja itapakaa grisi.