Nguzo ya siti inayoshuka kwenye baiskeli ya umeme: vipimo, ufungaji na usafirishaji

Baiskeli nyingi za umeme za mlimani, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, huja na nguzo ya siti inayopanda na kushuka. Mwendeshaji hubonyeza kibonyezo kilichopo kwenye usukani, hukandamiza siti kwa uzito wake nayo hushuka. Akibonyeza tena bila kukalia, hupanda yenyewe kwa nguvu ya hewa iliyobanwa au springi. Za bei nafuu huja na nguzo ya kawaida, na wenye nazo huomba wafungiwe hii nyingine baadaye.

Kifaa hiki si kipya. Mwaka 1984 Wamarekani Joe Breeze na Josh Angell walitoa Hite-Rite, springi iliyofungwa nje ya fremu. Mwaka 2010 kampuni ya RockShox ilitoa nguzo ya Reverb, na baadaye likaja toleo ambalo mrija wake hupita ndani ya fremu. Leo nyingi hutumia waya wa kawaida unaofanana na wa gea, uliofichwa ndani ya fremu na kushikana na nguzo kwa chini.

Kwa mfanyabiashara, hasara kubwa haitokani na fundi, inatokana na oda. Nguzo isiyoingia kwenye fremu, ikishavuka mipaka miwili na kulipiwa ushuru, hairudishwi kwa muuzaji bila gharama inayokula faida yote.

Vipimo kabla ya oda

Cha kwanza ni kipenyo. Baiskeli za mlimani hutumia zaidi milimita 30.9 au 31.6, fremu mpya kubwa hufika 34.9, na za mjini mara nyingi ni 27.2. Namba hiyo huwa imepigwa kwenye nguzo ya zamani karibu na alama ya mwisho wa kuingiza. Tofauti ya 30.9 na 31.6 haionekani kwa macho, kwa hiyo picha ya simu haitoshi. Nguzo nyembamba inaweza kuwekewa bushi ili ikae kwenye bomba pana. Nguzo nene kwenye bomba jembamba haina dawa.

Cha pili ni kina cha bomba la siti, na hapa ndipo baiskeli ya umeme inapotofautiana na nyingine. Mota ya katikati, ile iliyo kwenye pedali, huziba sehemu ya chini ya bomba. Aidha, bomba lenyewe linaweza kupinda, au kupitiwa na boliti ya shokomzoba. Njia rahisi ni kushusha nguzo ya zamani mpaka igome, kuweka alama, kisha kuitoa na kupima sehemu iliyoingia. Ikiwa nguzo ya zamani ni fupi, itumike fimbo nyembamba.

Tuchukue mfano. Mteja anaendesha siti ikiwa milimita 210 juu ya kibano cha fremu, na fremu inaruhusu kina cha milimita 240. Muuzaji anampa nguzo yenye mshuko wa milimita 150 na urefu wote wa 440. Ukitoa 210, zinabaki 230 za kuingia ndani. Inaonekana inatosha, lakini mahali waya unaposhikia chini kunahitaji nafasi yake pamoja na mpindo wa kava la waya. Viwanda vingine huhesabu sehemu hiyo katika urefu wote, vingine hawahesabu. Ikiwa haikuhesabiwa na inahitaji milimita 30, nguzo itagota kwenye mota kabla siti haijafika kimo cha mteja. Kwa fremu hiyo, mshuko wa milimita 125 ni salama zaidi, hata kama mteja ameng'ang'ania 150.

Cha tatu ni njia ya waya. Fremu iwe na tundu la kuingilia mbele na uwazi wa kupita juu ya mota hadi kwenye bomba la siti. Isipokuwa nayo, fremu isitobolewe. Inadhoofika na dhamana inapotea. Mteja auziwe nguzo ya waya wa nje au isiyo na waya kabisa. Baiskeli za mjini zenye betri nyuma ya bomba la siti zikaguliwe pia, kwa sababu kwenye baadhi yake betri huchomolewa kwenda juu na huhitaji nafasi chini ya siti.

Usukani nao usisahaulike. Upande wa kushoto tayari una swichi za mota, hivyo kibonyezo kitakachochaguliwa kiweze kukaa chini yake bila kubanana.

Kazi ya fundi

Umeme huzimwa na betri hutolewa kwanza. Baada ya kuondoa kava za mota, kwenye fremu nyingi hulazimu kulegeza boliti na kuishusha mota kidogo ili mkono uone njia. Mota iegemezwe, isiachwe ining'inie kwenye nyaya zake. Fundi hupitisha uzi au waya mwembamba kama kiongozi, kisha huvuta kava la waya likifuata nyuma yake. Kava likae mbali na mkono wa pedali na mnyororo, lisilaliane na plagi za mota, na lisibanwe mota inaporudishwa. Kubanwa hapo ndiko chanzo cha malalamiko mengi ya nguzo nzito kushuka, na kulitafuta kosa hilo maana yake ni kufungua mota upya.

Kava hukatwa baada ya kugeuza usukani hadi mwisho pande zote mbili. Nguzo inaposukumwa ndani, mtu wa pili huvuta kava upande wa mbele ili lisikunjike chini. Kibano cha siti hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa, mara nyingi niutoni mita 5 hadi 6. Kikikazwa kupita hapo, siti hupanda polepole au hugoma, na mteja atadai ameuziwa kifaa kibovu. Boliti za mota zina kipimo chake cha kiwanda na hazikisiwi.

Kwa wasafirishaji

Mazoea ya kuchomoa nguzo ya siti ili baiskeli ienee kwenye boksi au buti ya basi ndiyo yanayoharibu nguzo hizi. Ukiivuta kwa nguvu, waya hung'oka chini ambako haufikiki. Pakizi wabonyeze kibonyezo na kuishusha siti. Hiyo peke yake huokoa sentimita 10 hadi 20. Ikilazimu kutolewa, waya ulegezwe kwanza kwenye usukani.

Baiskeli hizi zina uzito wa kilo 20 na zaidi. Zisinyanyuliwe kwa siti wakati siti iko chini, kwani kwenye nguzo nyingi za mafuta hewa huingia kwenye mfumo na siti huanza kunesa. Wala kamba au stendi isibane ile sehemu inayong'aa. Mkwaruzo mmoja hukata sili.

Kwenye nyaraka, baiskeli ya umeme huingia forodhani chini ya namba 8711.60, tofauti na baiskeli ya kawaida ambayo ni 8712. Kwa shehena ya ndege, kanuni za IATA tangu mwaka 2025 huitambua baiskeli yenye betri ya lithiamu kwa namba UN 3556. Betri ya lithiamu ikisafirishwa peke yake ni UN 3480, na tangu Aprili 2016 haipakiwi kama mizigo ya shehena kwenye ndege za abiria. Nguzo ya waya haina betri na haiguswi na masharti hayo. Ile isiyo na waya ina betri yake ndogo, nayo inapaswa kutajwa kwenye orodha ya mizigo.