Vita vya Winterfell: Jinsi Kisu Kimoja Kilimaliza Jeshi Zima la Wafu

Kama hujamaliza kucheki Game of Thrones, ishia hapa, juu tunamwaga mtama wote.

Episodi inaitwa The Long Night, ya 3 kwa msimu wa 8. HBO waliiachilia 28 Aprili 2019, Jumapili saa tatu usiku kule New York. Huku Nairobi ilikuwa Jumatatu saa kumi alfajiri, kwa hivyo wenye waliicheki laivu walienda job na macho mekundu. Ni dakika 82, ndefu kuliko episodi zingine zote za hiyo shoo.

Form ilikuwa gani?

Wengi hukosa hii. Jon Snow na mbogi yake hawakutarajia kushinda kwa nguvu. Kila mtu wao akidedi, Night King anainua mikono tu na huyo msee anaamka upande wa adui. Hesabu kama hiyo utaishinda aje?

Lakini msimu wa 7 walikuwa wamegundua siri: ukiua White Walker, wafu wote aliowaamsha wanaanguka naye. So lengo lilikuwa mtu mmoja, Night King. Bran akawekwa chini ya ule mti mtakatifu kama chambo, Theon na watu wake wakamlinda, adui ajilete mwenyewe.

Ilienda aje?

Vibaya, mapema sana. Melisandre aliwasha moto panga za Dothraki, wakachomoka kuingia gizani, na ukaona zile taa zikizima moja baada ya nyingine. Mtaro wa moto nao ukawashwa, wafu wakajilaza juu ya moto ili wenzao wapite kama daraja. Daenerys akamwagia Night King moto wa joka. Jamaa akatabasamu tu.

Na manze, wamama na watoto walifichwa kwa makaburi ya chini ya ngome, na adui kazi yake ni kuamsha maiti! Unajua kilichofuata.

Nani alidedi?

Edd alienda akimwokoa Sam. Lyanna Mormont, msichana mdogo, alidunga jitu jicho huku likimponda. Beric alikinga Arya kwa mwili wake. Jorah alianguka akimlinda Daenerys. Theon, yule aliyewahi kuisaliti Winterfell, alibaki peke yake mbele ya Bran, akamkimbilia Night King na mkuki akijua hatoboi. Melisandre alimalizia alfajiri, baada ya kazi yake kuisha.

Kile kisu

Msimu wa 1 kuna msee alitumwa kumuua Bran akiwa kitandani. Kisu alichobeba ndicho hicho hicho. Miaka baadaye Bran alimpa Arya, tena chini ya mti ule ule. Night King alipomkaba shingo na kumshika mkono wa kushoto, Arya aliachilia kisu, akakidaka na wa kulia, akadunga. Night King akapasuka kama barafu, jeshi lote likalala.

Mbona giza hivyo?

Vita vilishutiwa Ireland ya Kaskazini kwa usiku 55, director akiwa Miguel Sapochnik. Watu walipolia hawaoni kitu, msee wa kamera, Fabian Wagner, alijitetea kwamba shida ni TV zenu hazijasetiwa poa.

Hadi leo kuna wenye wanasema Jon ndiye alifaa kumaliza hiyo kazi. Sawa, lakini irudie ukiangalia saa. Beric alinunua dakika, Theon akanunua sekunde. Toa mmoja wao na Arya anafika akiwa amechelewa. Zima taa za nyumba, ongeza mwangaza wa skrini, halafu uniambie ni nani kweli alimuua Night King.