Bukari, samaki wa Kasenga na restora za L'shi: nani mgeni mezani?



Kila mara tukitoka kula pamoja, swali ni lile lile: "Tule chakula cha kwetu ao cha wageni?" Tangu mwaka uliopita, mimi na wenzangu wawili wa promo tunachanga feza kidogo kila mwisho wa mwezi, kisha tunaingia restora moja ya mji ambayo hatujaijua: ya Wagriki, ya Waitalia, ya Wahindi, ya Walibani, ya Wachina. Mimi nilisoma historia, njo maana kila sahani ilinirudisha kwenye vitabu. Leo nataka tuongee juu ya hilo neno "kwetu".

Tuanze na bukari, juu hakuna mtu wa Lubumbashi atakayekubali kwamba bukari ni chakula cha kigeni. Lakini mahindi asili yake ni Amerika, na mihogo vilevile. Yote mawili yaliingia Afrika kwa njia ya biashara ya Wareno. Zamani, watu wengi wa huku Katanga walikula ugali wa mtama, ulezi na mihogo. Mji wetu ulianza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji maelfu ya wafanyakazi, na hapakuwa na mashamba ya kutosha kuwalisha. Basi unga wa mahindi ulipanda gari la moshi kutoka kusini, na kampuni ikaugawa kama posho. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilianza kutaka mfanyakazi akae muda mrefu, pamoja na mke na watoto. Posho ikaingia nyumbani, watoto wakakua nayo. Mwaka 1928 reli ilifika Ilebo, njia ya Kasai ikafunguka, na wakaja watu waliozoea kuchanganya unga wa mahindi na wa mihogo. Mpaka leo, Zambia ikizuia unga wake kupita Kasumbalesa, bei inapanda na kila nyumba inalia.

Sasa mboga. Kwenye restora ya Kigriki tulipewa samaki mzima wa kuchoma, na ndimu na mafuta ya zeituni. Mwenzangu akasema, "Hii njo Ulaya." Nikamwambia angoje kwanza. Wagriki wengi waliokuja Katanga wakati wa ukoloni hawakuwa matajiri; wengi walifanya biashara ndogo. Kule Kasenga, kwenye mto Luapula, walinunua samaki kwa wavuvi wetu, wakamweka katika barafu, wakamleta mjini kwa lori. Migodi ilikula samaki huyo, pamoja na baba zetu wakubwa. Samaki aliyeitwa mpumbu alivuliwa sana mpaka, kufikia miaka ya 1950, alikuwa karibu kuisha. Kwa hiyo kabla samaki wa Mgriki hajafika kwenye sahani nyeupe, alishafika kwenye bukari ya mfanyakazi.

Walikuwako pia Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, ambacho wakati ule kilitawaliwa na Italia. Walikuja kutafuta maisha, wakaita ndugu zao. Waliobaki kule kisiwani walichukuliwa na Wanazi mwezi wa Julai 1944, wakapelekwa Auschwitz. Sinagogi ya wale wa huku ingali imesimama katikati ya mji. Baba yake Moïse Katumbi, Nissim Soriano, alikuwa mmoja wa watu wa Rhodes, na alifanya biashara ya samaki huko upande wa ziwa Mweru. Je, huyo tutamweka upande gani wa meza?

Lakini tusiifanye historia hii kuwa tamu kupita kiasi. Wakati wa ukoloni, mtu mweusi hakuweza kukaa tu katika restora ya mji kama mteja. Wazungu waliishi katika "ville", sisi katika "cité" kama Kamalondo, na katikati waliacha uwanja mtupu wa kututenga. Usiku mtu mweusi alihitaji ruhusa ili awe upande wa Wazungu. Hata hivyo, nani alikuwa jikoni? Bapishi wetu. Wanaume wa Katanga, wa Kasai na wa kwingine walijifunza kupika supu, mchuzi wa nyanya wa Kiitalia na keki, katika nyumba ambazo hawakuruhusiwa kukaa mezani. Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha huku kwetu historia ya Élisabethville, akisaidiwa na chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Kila mmoja wenu aisome. Wapishi na "maboi" ni watu wa historia yetu sawa na magavana.

Baadaye mambo yaligeuka. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka na biashara za wageni zikapewa Wazaïrois. Nyingi zilibaki tupu, na mwaka 1976 serikali ilianza kurudisha, lakini wengi walikuwa wameshaenda. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka 1991 watu wakapora maduka. Restora za Walibani, Wahindi na Wachina tunazoziona leo, nyingi zilikuja katika mji uliofunguka upya baada ya sheria ya migodi ya 2002, na Wachina zaidi baada ya mkataba wa Sicomines wa 2008. Kwa Mchina tuliletewa majani yaliyokaangwa na kitunguu saumu. Tulipoonja, tulicheka: ilikuwa shu ya Shine, ile bamama wa bustani wanalima pembeni ya mji na sisi tunaila na bukari tangu utoto.

Kwa nini naandika haya? Juu neno "wageni" limeshaua watu hapa kwetu. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu Bakasai walifukuzwa Katanga. Familia zililala kwenye stesheni za reli zikingoja gari la moshi, watoto wakafa kwa magonjwa na njaa. Waliambiwa kwamba hapa si kwao. Ni reli ile ile iliyowaleta wazee wao kufanya kazi, na waliowafukuza walikula unga ule ule. Siku hizi tunasikia tena maneno ya namna ile, hata katika makundi ya bana-etidia.

Leo hakuna polisi anayekuuliza karatasi mlangoni mwa restora, lakini bei inafukuza. Kwa feza ya sahani moja tuliyolipa, mama angenunua unga wa siku nyingi. Basi sisemi kila mtu aende huko kila juma. Changeni watu watatu ao wanne, mwende mara moja, muulize aliyepika alijifunza wapi. Halafu nyumbani muulize bibi: ulipokuwa mtoto, bukari ilikuwa ya unga gani, na mboga ilitoka wapi? Andikeni majibu hapa chini pamoja na kartie na mwaka, tuyakusanye kabla wazee hawajatutoka.