Semboja wa Mazinde na Mwandishi Wake

Ukitoka Korogwe kuelekea Moshi, mto Pangani, ambao wenyeji wengi wanauita Ruvu, unakuwa mkono wa kushoto na milima ya Usambara mkono wa kulia. Ukishapita Mombo, chini ya mlima ndipo Mazinde. Siku hizi mabasi hupita hapo kwa kasi. Katika miaka ya 1870 na 1880, misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu ilikuwa ikitua hapo mizigo, ikatoa hongo, yaani ushuru wa njia, ikangoja ruhusa. Mwenye ruhusa alikuwa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mtawala aliyekaa bondeni na kukataa kuhamia mlimani hata baada ya kuuteka Vuga, mji mkuu wa mlimani.

Naandika habari zake kwa sababu biashara yake iliuvunja ufalme wa baba yake, na kwa sababu katika utumishi wake ndimo alimokaa mtu aliyekuja kuandika Habari za Wakilindi. Bila kitabu hicho Usambara ya kale tungeijua zaidi kwa macho ya wageni. Mambo hayo mawili yalikaa katika baraza moja, na sioni haki ya kuyatenganisha ili tumsifu mtu kwa lile tunalolipenda.

Asili ya Wakilindi, ukoo huo wa kifalme, si Usambara. Ni Nguu, vilima vilivyo upande wa magharibi wa Handeni. Huko alizaliwa Mbegha, mtoto kigego, meno ya juu yakitangulia ya chini, na desturi ya wakati ule haikuwatakia uhai watoto wa namna hiyo. Wazazi wakamlea. Alipokuwa mtu mzima ndugu zake wakamnyima urithi, akaondoka na mbwa wake wa kuwinda, akafika Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkubwa wa mji. Kijana yule akauawa na nguruwe mwitu katika windo. Mbegha hakungoja kuulizwa, alikimbia. Akaingia Usambara kwa njia ya Zirai, akawa anakwenda kijiji hata kijiji akiua nguruwe waliokuwa wakila mashamba na kuwagawia watu nyama. Kwa nyama hiyo akapata marafiki, kwa marafiki akapata wake, na Vuga, alikoua simba, wakampa utawala. Jina la Wakilindi limetoka kule alikopita, na tangu mwaka 2002 Kilindi ni jina la wilaya iliyomegwa kutoka Handeni.

Hivyo ndivyo masimulizi yanavyosema, na mimi nayashika kwa jambo moja kubwa: mtawala wa kwanza alikumbukwa kama mgawaji. Wajukuu zake waligeuza mkondo, wakawa wapokeaji wa kodi. Kimweri ye Nyumbai, mwana wa Kinyashi Muanga Ike, alipokea Vuga ng'ombe, vyakula na pembe kutoka kila upande, akaweka wanawe wawe watawala wa wilaya, na mkono wake ukafika hadi mrima. Madiwani wa miji ya kati ya Tanga na Pangani walihitaji kukubaliwa naye kama walivyohitaji kukubaliwa na Sultani wa Unguja. Mmisionari Krapf alimfikia Vuga mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Wasafiri Burton na Speke walipopanda mwaka 1857 walimkuta mzee aliyekonda, yuko kitandani, haja yake kubwa ni dawa ya kumrudishia nguvu.

Nguvu ya nchi nayo ilikuwa inatoka. Wazigua wa Handeni na wa bondeni walikuwa wamepata bunduki mapema kwa njia ya Saadani na Pangani. Bonde halikuwa la kulala. Korogwe yenyewe wakati ule kilikuwa kijiji cha Wazigua juu ya kisiwa katikati ya mto, watu wakivuka kwa madaraja ya magogo ili maji yawe boma lao. Mlimani watu walitegemea mfalme na mvua yake. Bondeni walitegemea baruti.

Semboja aliliona hilo kabla ya ndugu zake. Mazinde ni mahali pakavu, haifanani na Vuga yenye migomba na ukungu, na mtu wa mlimani angeiona kama adhabu. Lakini tazama njia. Msafara uliotoka Pangani ulipanda na mto, ukapita Maurui na Korogwe, ukafuata mguu wa milima. Mbele yake ilikuwa nyika. Wapagazi walitaka chakula na maji, na chakula kilishuka kutoka mlimani. Mwenye kukaa Mazinde alishika mlango wa pande mbili: chakula kikishuka ni chake, pembe zikirudi zapita kwake. Mapato yake yalikuwa nguo za merikani na kaniki zilizopimwa kwa doti, ushanga, waya wa shaba, mapipa ya baruti, na bunduki za gumegume. Pembe zilipimwa kwa frasila, ratili 35 kila moja. Semboja alivaa kama watu wa pwani, akasema Kiswahili, akawajaza nyumbani kwake watu wa pwani, kwani hao ndio waliojua bei.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Vuga ikakaliwa na mjukuu wake, Shekulwavu, na baba zake wadogo waliokuwa wakitawala wilaya wakatakiwa kumwinamia kijana. Semboja hakuinama. Aliwaita Wataita na wapiganaji wengine wa nyikani, akawalipa kwa mateka na nyara, na miaka ya 1860 ilipokuwa ikielekea mwisho akamfukuza mwana huyo wa ndugu yake kutoka Vuga. Shekulwavu akafa muda mfupi baadaye. Ukoo wake ukahamia mashariki, nduguye Kibanga akaendeleza vita. Wabondei nao wakaasi, katika msukosuko unaokumbukwa kwa jina la Kiva, wakawaua na kuwafukuza Wakilindi waliokuwa wakiwatawala.

Hapo ndipo Semboja alipofanya jambo ambalo mfalme yeyote wa kabla yake angelishangaa. Vuga, mji wa makaburi na matambiko, alimpa mwanawe Kimweri Maguvu. Yeye alirudi Mazinde. Kiti cha Simba Mwene, kama mfalme wa Vuga alivyoitwa, hakikumpa kitu ambacho njia haikumpa.

Vita hivyo havikwisha, na havikuwa na sababu ya kwisha, kwa kuwa vilijilipa vyenyewe. Bunduki zilileta mateka, mateka walishuka Pangani, Pangani zilitoka bunduki nyingine. Mashamba ya miwa kandokando ya mto karibu na Pangani yalitaka mikono, na mikarafuu ya Unguja na Pemba vilevile. Mkataba wa mwaka 1873 ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga soko la Unguja, lakini mitepe na madau ya usiku yaliendelea kuvuka kwenda Pemba. Waliouzwa walikuwa watu wa Usambara hiyohiyo, raia ambao baba yake Semboja aliwatoza kodi na kuwaombea mvua. Mkulima wa kijiji cha ukingoni alilala akiwa na shamba, akaamka akiwa bidhaa. Hili nalisema bila kulipunguza makali, maana watu wetu wengine wanapenda kumtaja Semboja kwa ujanja wake tu.

Lakini faida ya biashara huweza pia kulea sanaa. Enzi hizohizo Denmark ilikuwa na mfanyabiashara wa tumbaku, Heinrich Hirschsprung, aliyezaliwa mwaka 1836. Faida yake aliitia katika kununua picha za wachoraji wa nchi yake. Alimgharamia kijana P. S. Krøyer asafiri kujifunza, na mwaka 1902 akaupa umma mkusanyiko wote, ambao tangu 1911 una nyumba yake Copenhagen. Wenzetu wanamwita mfadhili wa sanaa, na wana haki. Mazinde hapakuwa na picha za ukutani. Sanaa iliyoheshimiwa huku ilikuwa maneno: shauri, ujumbe, barua, masimulizi ya wazee kuhusu nani alimzaa nani na nani alistahili kiti. Tajiri aliyetaka sanaa hiyo alimweka karibu mtu wa kalamu.

Mtu huyo alikuwa Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu wa pwani aliyekwenda Usambara akiwa bado kijana, akaingia katika utumishi wa Semboja. Mambo ya vita aliyajua kwa karibu. Ya kale, ya Mbegha na wanawe, aliyapata kwa wenye kuyahifadhi, na nafasi yake kwenye baraza la Wakilindi ilimfungulia midomo ambayo mpita njia asingefunguliwa. Huo ndio ufadhili ninaousema: si zawadi iliyotangazwa, ni nafasi ya kuketi na kusikia. Na ilitoka katika mali ileile ya mapipa ya baruti.

Kitabu chake kilichapwa kwa sehemu na chapa ya misheni ya Magila, karibu na Muheza, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ukikisoma utaona kwamba mwandishi hana haraka. Watu wake hawasimuliwi tu, wanasema. Mjumbe anatumwa, anarudia maneno aliyopewa, anajibiwa, anarudi. Wazee wanashauriana, mmoja anapinga, mwingine anamtuliza. Msomaji anajifunza jinsi siasa ilivyofanywa mlimani kwa kusikiliza inavyofanywa. Sijui kazi nyingine ya Kiswahili ya miaka ile inayoipa nchi ya bara uhai wa namna hiyo.

Mwaka 1888 vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilipowaka pwani, Hans Meyer na Oscar Baumann walikuwa Usambara na msafara mkubwa. Wapagazi wao wakatawanyika, Semboja akaichukua mizigo. Njiani kurudi Pangani Wazungu hao wawili wakakamatwa na watu wa Abushiri, wakaachiliwa kwa fidia. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na Semboja, aliyejua kusoma bei, akapatana na Wajerumani. Wakaweka kituo Mazinde, palepale mlangoni pake. Hongo ikahama mkono.

Kimweri Maguvu alifariki mwaka 1893. Mwaka 1895 akafa Semboja, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga. Kiti wakampa Kinyashi, mwana wa Shekulwavu, hivyo nyumba iliyofukuzwa ikarudi kwa mkono wa mgeni. Mwaka 1898 Vuga iliungua.

Bonde nalo likapata bwana mwingine. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, ikapita Mombo, ikafika Moshi mwaka 1911, ikifuata njia ya misafara karibu hatua kwa hatua. Mpagazi hakuwa na kazi tena hapo. Mkonge, uliokuwa umeletwa pwani ya Tanga mwaka 1893, ukapanda na reli, ukatwaa tambarare ambamo misafara ilikuwa ikilala.

Abdallah bin Hemedi alifariki mwaka 1912. Kitabu chake kilibaki nakala chache mpaka J. W. T. Allen alipokihariri kikatoka Nairobi mwaka 1962 kikiwa juzuu moja, na mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Kiingereza. Ningependa kila shule ya sekondari ya Handeni, Korogwe na Lushoto iwe na nakala yake kabatini. Wanafunzi wa Kilindi nao wapewe wakisome tangu mwanzo, kwa sababu kinaanzia kwao, katika vilima vya Nguu, na wengi wao hawajaambiwa.