Ana kwa Ana: Kutoka Lugalo Hadi Redioni Mabawe

Jioni ya mechi, Mabawe, wilayani Ngara. Redio iko juu ya kaunta ya duka, mtangazaji anapaza sauti: mshambuliaji kabaki ana kwa ana na kipa! Wanaume waliokuwa wakipiga soga kwa Kihangaza wananyamaza ghafla. Hakuna anayeuliza maana. Mabeki wamepitwa, pa kukimbilia hapapo, na mmoja lazima aumie.

Neno hilohilo, “ana kwa ana”, ndilo tunalowapa askari wanapofikiana mwilini.

Wangoni walipoingia kusini mwa nchi yetu miaka ya 1840, walikuja na mkuki mfupi wa kuchomea. Si jambo dogo. Mkuki wa kurusha ukishautupa umebaki mikono mitupu, na adui anaweza kuuokota akurudishie. Ule mfupi hautoki mkononi, ila sharti umsogelee mtu hadi usikie anavyohema.

Kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, aliyaona makali ya kusogeleana hivyo huko Lugalo, Uhehe, tarehe 17 Agosti 1891. Kikosi chake kilikuwa njiani, kimejipanga msururu mrefu, bunduki na mizinga imo. Wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikuwa wamelala vichakani, hatua chache tu kutoka njia. Walipochomoka, nafasi ya kulenga haikuwepo tena. Vita vilikwisha ndani ya dakika chache; Zelewski alikufa kwa mkuki, na askari wake zaidi ya 200 wakaangamia. Bunduki inataka umbali. Ikikosa umbali, ni gongo tu, tena zito. Wajerumani hawakusahau: Oktoba 1894 waliitwanga ngome ya Mkwawa ya Kalenga kwa mizinga kwanza, ndipo wakaingia.

Hata mwenye bunduki ana mkuki wake, yaani singe, ingawa siku hizi raia wengi huiona kwenye gwaride tu. Huku kwetu mkoani Kagera, vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin wa Uganda vinakumbukwa zaidi kwa mizinga iliyonguruma kutoka mbali.

Mitaani tuna maneno yetu: watu hukunjana, huzichapa kavukavu. Hayo ni ya ugomvi wa kilabuni, si ya jeshi. Vitabuni nako huandikwa “vita vya karibu”, nami najiuliza: ni karibu na wapi, au vimepiganwa juzi? Kinachonikera zaidi ni “mapigano ya mkono kwa mkono”. Kwetu mkono kwa mkono ni kukabidhiana: natoa hela, napokea mkungu wa ndizi, tumemalizana.

“Ana kwa ana” nalo limelainika. Leo kuna mahojiano ya ana kwa ana, hata masomo. Lakini bado linabeba nyuso mbili zinazotazamana, bila kitu katikati. Mtafsiri, ukifika kwenye sentensi ya askari na singe zao, andika hilo. Mkono kwa mkono waachie wauza ndizi.