Somo la Historia: Mapigano ya Malplaquet

Leo tutasema habari za mapigano yaliyopiganwa Ulaya tarehe 11 Septemba, 1709, mahali paitwapo Malplaquet, kaskazini ya nchi ya Ufaransa. Lakini kwanza yatupasa kuujua ugomvi wenyewe. Ulikuwa ugomvi wa urithi, na ugomvi wa namna hiyo hakuna asiyeujua.

Mwaka 1700 Mfalme Charles wa Pili wa Hispania alikufa bila ya mtoto. Katika wasia wake alimwachia ufalme Philip, mjukuu wa Louis wa Kumi na Nne, mfalme wa Ufaransa. Watawala wa Austria wakasema urithi ule ni wao. Waingereza na Waholanzi wakaogopa kwamba Ufaransa na Hispania zitakuwa kama nyumba moja, wakasimama upande wa Austria. Ndipo vita vikaanza.

Kufika mwaka 1709 Wafaransa walikuwa wamechoka. Baridi ya mwaka ule iligandisha mito, mbegu zikafia shambani, watu wakafa kwa njaa. Louis akaomba amani, akawa tayari kutoa mengi. Lakini adui zake wakataka jambo moja zaidi: kama Philip hatatoka Hispania, babu yake mwenyewe asaidie kumtoa kwa nguvu. Louis akakataa. Babu gani angekubali? Mimi naona sharti hilo moja ndilo lililowaua watu wa Malplaquet.

Mwezi wa Juni aliwaandikia raia zake barua, ikasomwa nchi nzima, kuwaeleza kwa nini vita haviishi. Vijana wengi wakaingia jeshini, wengine kwa uchungu, wengine kwa kuwa huko kulikuwa na mkate.

Jemadari wao aliitwa Villars, naye alikuwa na watu kama 75,000. Aliwapanga katika uwazi ulio kati ya misitu miwili, wakachimba mahandaki na kuangusha miti kuziba njia. Wakawajia Marlborough, Mwingereza, na Eugene wa Savoy, jemadari wa Austria, pamoja na watu zaidi ya 80,000.

Mapigano yalianza asubuhi, ukungu ulipoondoka. Upande mmoja watu waliuana msituni, mti baada ya mti. Upande wa pili Mkuu wa Orange, kijana wa miaka 22, aliwaongoza Waholanzi moja kwa moja mbele ya mizinga ambayo Wafaransa walikuwa wameificha. Wakaanguka kwa maelfu. Wakarudi tena, wakaanguka tena. Villars naye akapigwa risasi ya goti, akachukuliwa. Boufflers, mzee wa miaka 65, akashika uongozi, na alipoona katikati pamevunjika akaliondoa jeshi kwa utaratibu. Hawakukimbia.

Basi uwanja ukawa wa Marlborough. Lakini upande wake watu zaidi ya 20,000 walikufa au kujeruhiwa, na upande wa Wafaransa walioshindwa kama 12,000. Kule Uingereza wengi wakauliza vita hivi ni vya nini, na mwisho wa mwaka 1711 Marlborough akaondolewa kazini. Amani ilifanywa Utrecht mwaka 1713. Philip akabaki mfalme wa Hispania, ila aliapa kuacha haki yake ya kuurithi ufalme wa Ufaransa.

Sasa fungueni madaftari, mwandike miaka mitatu: 1700, 1709, 1713, na mbele ya kila mwaka mwandike jambo lililotokea.