Ushauri wa Ndoa Kwetu Butembo na Beni: Kutoka Kuhukumu hadi Kusikiliza

Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba ushauri wa ndoa ni jambo la wazungu, au kwamba ni kazi ya watu wa miradi waliokuja na magari meupe wakati wa vita. Tunafikiri historia yetu wenyewe inasema vingine, na ni vema kuifahamu kabla hamjaketi mbele ya padri na katekista kwa mafundisho ya wachumba.

Wazee wa Kinande walikuwa na mahali pa mashauri. Mahali hapo paliitwa ekyaghanda, nyumba ambamo wanaume waliota moto, walikula pamoja, waliwafundisha vijana desturi na kukata maneno ya ukoo. Ugomvi wa mume na mke ulipofika hapo haukuwa tena ugomvi wa watu wawili. Mahari yalikuwa yametolewa kwa mbuzi, na mbuzi hao pengine walikuwa wamekwisha kutumiwa kumwoza ndugu wa yule mke. Kuvunja ndoa kulimaanisha kurudisha mali ambayo haikuwapo tena, na kutikisa nyumba ya pili iliyojengwa kwa mali ile. Kwa hiyo wazee walikuwa na sababu nzito ya kutafuta amani, na waliitafuta kwa subira kubwa, hata kwa siku nyingi. Hiyo ilikuwa nguvu ya ekyaghanda: hakuna ndoa iliyoachwa ife peke yake.

Lakini tuseme pia upungufu wake. Mke hakuwa mmoja wa waliokaa kuzunguka moto ule. Uchungu wake ulipelekwa na baba au kaka, ambao nao walikuwa wakiwaza mbuzi. Yaliyomsumbua hasa aliweza kumwambia shangazi au nyanya jikoni, na mengi yalibaki huko jikoni.

Mapadri wa shirika la Assomption walifika nchi yetu mwaka 1929. Misioni ya Beni ilisimamishwa kama eneo la pekee mwaka 1934, na mwaka 1938 ikawa vikarieti chini ya Askofu Henri Piérard. Papa Pio XI alikuwa ametoa barua yake juu ya ndoa, Casti connubii, mwishoni mwa mwaka 1930, na wamisionari wa kizazi hicho waliifuata kwa ukali. Mwanamume mwenye wake wawili au watatu aliyeomba ubatizo alipaswa kubaki na mmoja. Serikali ya Kibelgiji nayo ilikuwa ikielekea huko: dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za mitala. Katekista wa wakati ule alikuwa mtu wa daftari: nani amefunga ndoa, nani anaishi bila sakramenti, nani azuiwe kukomunika. Swali lililoulizwa lilikuwa moja, je, ni halali au si halali? Hatuwadharau waliotutangulia, maana ni wao waliowafundisha wazazi wetu kwamba msichana lazima akubali mwenyewe kwa kinywa chake mbele ya mashahidi, jambo lililokuwa kubwa sana. Hata hivyo, kwa wale wake waliolazimika kuondoka ili mume abatizwe, hatujui kama kulikuwa na mtu aliyeketi nao akawauliza wanakwenda wapi.

Ili tuelewe mabadiliko yaliyofuata, tutazame kidogo Ulaya na Marekani. Huko, familia nyingi zilikuwa zimehamia mijini, mbali na wazee wao. Uingereza, Baraza la Uongozi wa Ndoa lilianza mwaka 1938, likawaandaa watu wa kujitolea kuwapokea wenye matatizo. Paris, mwaka 1939, Padri Henri Caffarel alianza kukutana na wenzi wachache waliotaka kuishi sakramenti yao kwa kina. Kutoka kwao zikazaliwa Timu za Bibi Yetu (Équipes Notre-Dame), ambazo baadaye zilifika hata Afrika. Mwaka 1942 Mmarekani Carl Rogers alitoa kitabu kilichofundisha kwamba mshauri asitangulie na hukumu, bali amsikilize mtu hadi mtu mwenyewe aone njia. Kwa namna fulani watu hao walikuwa wakijenga upya, kwa viti na ofisi, kile ambacho miji yao ilikuwa imekipoteza. Ila walipata vitu viwili ambavyo ekyaghanda haikuwa navyo: kila mmoja, mke kama mume, alisikilizwa kwa sauti yake, na alichosema kilitunzwa kuwa siri.

Katika Kanisa la Kongo mageuzi yalipitia njia ya jumuiya. Mwaka 1961 maaskofu walichagua jumuiya hai kuwa msingi wa uchungaji. Wengi wetu tunaziita tu shirika, na ndani yake kuna wenzi wazima wanaosindikiza wenzi wapya. Yohane Paulo II, katika Familiaris consortio ya mwaka 1981, alieleza hatua tatu za maandalizi: za mbali tangu utotoni, za karibu, na za mwisho kabla ya arusi. Mwaka 2016 Papa Fransisko, katika Amoris laetitia, alisisitiza kwamba kazi haiishi siku ya arusi, kwa kuwa miaka ya kwanza ndiyo yenye kuhitaji msindikizaji. Tunaona parokia nyingi bado zinatumia nguvu zote kabla ya arusi, kisha zinawaaga wenzi mlangoni mwa kanisa.

Sheria ya nchi nayo haikusimama. Kitabu cha sheria za familia cha tarehe 1 Agosti 1987 kilitambua mahari kuwa sharti la ndoa, kikamtaka jaji ajaribu kwanza kupatanisha kabla ya kuvunja ndoa, lakini kikamdai mke ruhusa ya mumewe kwa matendo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo, ikataka mume na mke waafikiane. Ni wenzi wachache tunaokutana nao wanaoijua.

Kisha vita na mauaji. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimechinjwa, wajane na wakimbizi wamejaa mijini. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, ikaendelea hadi tarehe 25 Juni 2020, ikaua watu 2,287. Wanaume waliopona walifuatiliwa kwa miezi mingi, kwa kuwa kirusi kiliweza kubaki katika mbegu zao. Hebu fikirini mazungumzo ya chumbani katika nyumba kama hiyo: mume anashukuru kwa kuwa hai, mke anaogopa kumkaribia, na hakuna mzee wa ukoo aliyewahi kukata neno la namna hiyo.

Wataalamu walifanya utafiti katika Kivu, na matokeo mawili yanatugusa. La kwanza lilitangazwa mwaka 2013. Katika vijiji 16, hasa vya Kivu Kusini, wanawake waliotendewa ukatili wa kijinsia walisaidiwa, wengine kwa vikundi na wengine mmoja mmoja, na Wakongomani waliofundishwa kazi hiyo, wasio waganga wa akili. Haukuwa ushauri wa ndoa wenyewe. Lakini waliosaidiwa kwa vikundi, kwa njia iliyopangwa ya kuchunguza mawazo yao, walipata nafuu kubwa zaidi. Tunadhani wazee wetu wasingeshangaa kusikia kwamba duara la watu linaponya.

Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2020, ulifuata vikundi vya wanaume katika Kivu zote mbili. Maoni ya wanawake yalikusanywa kwanza, kisha wanaume wakakutana peke yao kila juma, kwa majuma 16. Baada ya hapo wanaume wengi walisaidia zaidi kazi za nyumbani, na wake walisema uhusiano umekuwa bora. Lakini ukatili wenyewe, kama wake walivyoueleza, haukupungua kuliko kule ambako mafunzo hayo hayakutolewa. Watafiti waliozungumza nao kwa kina waliona kwamba mume alikubali kuchota maji, ila neno la mwisho nyumbani alilishika yeye. Ndoo ilibadilisha mkono, mamlaka hayakubadilika.

Sisi makatekista tumeketi katika vikao vingi vya familia mbili, Butembo na vijijini. Siku hizi mbuzi wengi huhesabiwa kwa dola, na mke huitwa mbele, hupewa kiti, huombwa aseme mwenyewe. Mara nyingi bado huombwa wa mwisho, wazee wakiwa wamekwisha kukubaliana.